Roosevelt porini Afrika Mashariki: Karibu mwaka mzima na mkewe kwa barua tu

Novemba 1909, kando ya Mto Nzoia huko Uasin Gishu, mtu aliyekuwa Rais wa Marekani miezi minane tu nyuma alikaa kumwandikia mkewe barua. Usiku wake alikuwa amemuota. Alipoamka na kukuta kumbe yuko kwenye hema, katikati ya pori, ilimuuma sana.

Huyo ni Theodore Roosevelt. Wengi wanamkumbuka kwa bunduki na simba. Wachache wanajua jinsi upweke ulivyomsumbua kwenye safari ile.

Alikabidhi madaraka Machi 4, 1909. Siku 19 baadaye alikuwa tayari melini akitoka New York, na Aprili 21 akatua Mombasa. Alikuwa na miaka 50. Taasisi ya Smithsonian ilikuwa inasubiri wanyama kwa ajili ya makumbusho yake mjini Washington.

Aliongozana na mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19 aliyesimamisha masomo Harvard kwa mwaka mmoja. Wapagazi waliwapa majina: baba Bwana Mkubwa, mwana Bwana Maridadi.

Mkewe, Edith, hakwenda. Alibaki na watoto, akiwemo kitinda mimba Quentin wa miaka 11.

Mtandao ulikuwa miguu ya watu

Hakukuwa na bando wala setelaiti. Nyaya za telegramu zilifuata reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria. Ukiiacha reli ukaingia porini, basi, habari zako zinategemea tarishi.

Tarishi alibeba barua kutoka kambini, akatembea siku kadhaa hadi kwenye boma au stesheni. Hapo treni iliipeleka Mombasa, meli ikapita Suez hadi Ulaya, kisha meli nyingine ikavuka Atlantiki. Jibu nalo lilirudi kwa njia hiyo hiyo. Ukiuliza leo kama mtoto amepona homa, jibu linakufikia baada ya miezi.

Matarishi hao hao walibeba pia kazi yake ya mkate. Jarida la Scribner's lilimlipa dola 50,000 kwa makala za safari, na aliziandika kambini kwa penseli baada ya kuwinda, hata akiwa hoi.

Kitu kingine cha nyumbani alichokuwa nacho ni sanduku la vitabu kama 60 vyenye majalada ya ngozi ya nguruwe, zawadi ya dada yake Corinne. Mpagazi mmoja alilibeba kila walikohamia.

Telegramu mbili za mwaka 1884

Roosevelt alishajua habari za nyumbani zinavyoweza kumkuta mtu akiwa mbali.

Februari 1884, akiwa mbunge kijana wa jimbo mjini Albany, alipokea telegramu kwamba mkewe wa kwanza, Alice, amejifungua mtoto wa kike. Furaha haikudumu. Telegramu ya pili ilimtaka arudi nyumbani haraka.

Februari 14, ndani ya nyumba moja, mama yake alifariki alfajiri na Alice akafariki mchana. Roosevelt alikuwa na miaka 25. Alimwacha mtoto kwa dada yake Anna, akaenda kufuga ng'ombe na kuwinda Dakota.

Desemba 1886 alimuoa Edith, rafiki yake wa tangu utotoni. Wakapata watoto watano, na yule wa Alice wakamlea pamoja nao.

Kuhesabu miezi

Kwenye ile barua ya Novemba alimwambia Edith kwamba kila kitu kina gharama yake, na upweke ndio anaolipa kwa furaha aliyopewa naye. Kisha akahesabu: imebaki miezi minne na kidogo waonane.

Safari ilikuwa bado ngumu. Januari 1910 walikuwa Lado, ukingo wa magharibi wa Nile, wakisaka kifaru mweupe, na baadhi ya wenzake waliugua homa na kuhara damu. Kwa jumla baba na mwana waliua wanyama zaidi ya 500, idadi ambayo hadi leo inawakera wengi.

Kutoka Gondokoro wakapanda meli kushuka Nile. Machi 14, 1910 wakafika Khartoum, na Edith alikuwa amekuja kuwapokea pamoja na binti yao Ethel. Hesabu yake ilikuwa sahihi, imepishana kwa siku mbili tu.

Miaka minane baadaye habari mbaya ilikuja tena kutoka mbali. Quentin, sasa rubani wa kivita, aliuawa Ufaransa Julai 14, 1918. Roosevelt mwenyewe alifariki usingizini Januari 6, 1919.

Edith aliishi hadi 1948. Hakupenda watu wasome mambo yake ya ndoa, hivyo barua nyingi kati yake na mumewe aliziteketeza. Ile ya Mto Nzoia, iliyoanza safari yake mkononi mwa tarishi, ni moja kati ya chache zilizopona.