Thomson ndani ya mapango ya Elgon

Kila nikipita Nyahururu, kwenye maporomoko yaliyopewa jina la Joseph Thomson, namkumbuka Jumbe Kimemeta wa Pangani. Yeye hakupewa hata kijito.

Thomson, Mskoti aliyesomea elimu ya miamba, aliondoka Rabai Machi 1883 akiwa na miaka 25. Jaribio la kwanza la kupita Umaasaini lilimshinda, akarudi. Alivuka aliposhikamana na msafara wa Jumbe, mfanyabiashara wa pembe aliyeijua njia. Mlima Kenya aliuona kwa upande wa Laikipia. Meru na Embu, upande wa pili, hakufika.

Elgon ndiko alikoingia mapangoni. Baadhi yake maji huporomoka mbele ya mlango, na ndani alikuta watu wakiishi na ng'ombe wao. Akauliza nani aliyachimba. Wakamjibu ni kazi ya Mungu. Wao na vishoka vyao wangewezaje? Thomson akashikilia kuwa ni machimbo ya taifa fulani la kale. Kwangu mimi wenyeji walikuwa karibu zaidi na ukweli: maji yamekula mwamba ule wa volkano, na tembo wamekuwa wakiingia pango la Kitum usiku kukwangua chumvi kwa pembe zao.

Siku ya mwisho ya mwaka ule nyati alimjeruhi vibaya. Alirudi Pwani 1884 akiwa hoi kwa kuhara damu, akafariki London mwaka 1895, na miaka 37 tu. Jumbe naye mwaka 1887 alirudi bara, safari hii na msafara wa Teleki, Mhungaria aliyeupanda Mlima Kenya.