Adam Sapi Mkwawa: Refa wa Bunge aliyempa mkono kila mtu

Shabiki wa soka anaijua kazi ya refa. Timu yako ikishinda humkumbuki, ikifungwa lawama zote zake. Sasa vuta picha mtu aliyeshika filimbi kwa karibu miaka 30, katikati ya watu wenye maneno makali kuliko jukwaa la Simba na Yanga siku ya dabi. Huyo ni Chifu Adam Sapi Mkwawa, Spika wa kwanza Mwafrika wa Bunge letu, mtoto wa Iringa.

Ukitoka Iringa mjini kwenda Idodi, unapita kwenye historia ya ukoo wake. Kwanza Kalenga, ngome ya babu yake, Mtwa Mkwawa, iliyoangushwa na Wajerumani Oktoba 1894. Mbele kuna njia ya Mlambalasi, alikojiua Julai 1898 ili asikamatwe hai. Kichwa chake kilikatwa, fuvu likapelekwa Ujerumani.

Adam Sapi alizaliwa mwaka 1920 katika ukoo huo wenye kila sababu ya kununa. Mwaka 1940 Waingereza walimng'oa baba yake, Chifu Sapi, wakamsimika yeye akiwa kijana wa miaka 20. Hapo ndipo pagumu. Ungekuwa wewe, ungekaa meza moja na waliomtoa mzee wako? Yeye alikaa. Wapo watakaomwita kibaraka, lakini tuangalie meza ile ilizaa nini.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu la Mkwawa lirudishwe. Miaka zaidi ya 30 ikapita, kimya. Ndipo Gavana Edward Twining akalifuata kwenye jumba la makumbusho la Bremen, na Juni 19, 1954, pale Kalenga, akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi mbele ya Wahehe. Twining naye alikuwa na hesabu zake, aliwataka machifu wawe upande wake. Sawa. Lakini babu alirudi nyumbani.

Siku 18 baadaye, Julai 7, ikazaliwa TANU. Hapo machifu wakawa kama beki aliyebanwa na washambuliaji wawili, mbele serikali ya kikoloni, nyuma vijana wa Uhuru. Adam Sapi hakugombana na wanasiasa. Novemba 1962 alikaa kwenye kiti cha Spika, akimpokea Abdulkarim Karimjee, mtu wa familia ya wafanyabiashara wenye asili ya India. Wiki chache tu baadaye, mwanzoni mwa 1963, serikali hiyo hiyo ikafuta uchifu nchi nzima.

Ni sawa na klabu ikuvue unahodha, kisha ikuombe uchezeshe mechi zake zote. Wengi wangebeba mabegi. Yeye alichezesha. Mwaka 1964 wakaingia wabunge kutoka Zanzibar, nao akawapa nafasi ya kusema. Novemba 1973 alimwachia kiti Erasto Mang'enya, akarudi 1975 na kukaa hadi Aprili 1994.

Tusimpambe kupita kiasi. Kwa miaka mingi Bunge lile lilikuwa la chama kimoja, kama timu moja inayogawana jezi mazoezini. Ila ni chini yake, mwaka 1992, wabunge hao hao wa chama kimoja walipitisha mfumo wa vyama vingi. Na mwaka 1993, wabunge 55 walipotaka Serikali ya Tanganyika, hoja nzito kuliko penalti ya dakika ya 90, aliyekuwa kwenye kiti ni yeye.

Kule Idodi jina lake lina uzito mwingine. Miaka ya 1960 aliongoza bodi ya wadhamini wa hifadhi za taifa, na mwaka 1964 Hifadhi ya Ruaha ikaanzishwa. Idodi iko njiani kwenda getini. Leo kwenye tarafa hiyo utakuta Wahehe, Wabena, Wagogo, Wasukuma, Wamasai na Wabarbaig, wakulima wa mpunga na wafugaji, wote wanataka maji na ardhi ile ile. Sehemu kama hiyo, ukikataa kumsalimia jirani kwa sababu ya kabila au kadi ya chama, mnaumia wote.

Sisi wa soka tunalijua hilo, ila tunalisahau. Mei 2019 Lipuli waliitandika Yanga 2-0 pale Samora, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Mnyalukolo aliyelala Simba na aliyelala CCM au Chadema, wote siku ile walikuwa na timu moja ya nyumbani. Jumatatu inayofuata mtu anarudi kijiweni, anakataa hata kukaa benchi moja na mtani wake.

Adam Sapi alifariki Juni 1999. Alikaa na Waingereza, akakaa na TANU, akakaa na Wahindi na Wazanzibari, na hakuna siku aliyoacha kuitwa Mkwawa. Kumpa mtu mkono si kuvaa jezi yake. Ukipita Kalenga kwenda Ruaha, simama kidogo pale makumbusho. Fuvu lipo, na aliyelipokea ni mtu aliyekubali kukaa na wasiofanana naye.