Msiri wa Bunkeya na bunduki zake za baruti

Ukitoka hapa Likasi kwenda upande wa kaskazini, unafika Bunkeya, kule Mwami Msiri alijenga ufalme wake. Jina lake la kwanza ni Ngelengwa. Alitoka Unyamwezi, upande wa Tabora. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa shaba ya Katanga. Watu wao wakaitwa Bayeke, maana yake wawindaji wa tembo.

Nguvu ya Msiri ilikuwa bunduki. Lakini bunduki gani? Zile za kushindilia: unamimina baruti mdomoni, unatia risasi, unashindilia, unapiga mara moja tu. Baruti ikipungua, tembo anakimbia na kidonda. Ikizidi, mtutu unaweza kukupasukia. Na baruti yenyewe ilitoka mbali, ililetwa na misafara ya Angola na ya Bahari ya Hindi. Ililipwa kwa pembe, kwa shaba, na kwa watu waliouzwa utumwani.

Mwaka 1891 Basanga wakaasi, na vita ikala baruti. Mwezi wa Desemba ukafika msafara wa Kapteni Stairs, aliyetumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Wao walikuwa na bunduki za kisasa: ganda moja linabeba baruti na risasi pamoja, unaingiza lingine upesi.

Tarehe 20 Desemba Kapteni Bodson alimuua Msiri kwa risasi. Bodson naye akapigwa palepale, akafa.

Basi, mwindaji anayechagua bunduki aulize kwanza: risasi yake nitaipata wapi?