Arthur Newton: mkimbiaji aliyeanza polepole

Je, unadhani umri wako umepita wa kuanza kukimbia? Arthur Newton (1883–1959), mkulima Mwingereza aliyehamia Natal, Afrika Kusini, alianza mazoezi Januari 1922 akiwa na miaka 38. Alikuwa na mgogoro na serikali kuhusu shamba lake, akaona kwamba akipata jina michezoni watu watamsikiliza. Siku ya kwanza alikwenda kama kilomita 3 tu, akarudi hoi.

Mwezi Mei mwaka huohuo alishinda Comrades, mbio za takriban kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg. Alizishinda mara tano.

Wiki yake ya mazoezi ya msingi ilikuwa rahisi kueleza: kukimbia karibu kila siku, mwendo mrefu wa polepole, kasi iachwe kwa siku ya mashindano. Baadaye wiki nyingine zilizidi kilomita 160. Idadi hiyo usiiige! Iga mwendo: ukimbie huku ukiweza kuzungumza bila kuhema. Pumzi huzoea mapema, lakini kano na mifupa huchelewa, ndiyo maana umbali huongezwa kidogo kidogo. Kama una shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo, muone kwanza mtoa huduma za afya.

Newton naye aliumia. Mwaka 1928, katika mbio za kuvuka Marekani kutoka Los Angeles hadi New York, kano ya kisigino ilimtoa mapema. Kisigino chako kikikaza na kuuma kila unapoamka asubuhi, punguza mazoezi, na kisipotulia nenda kituo cha afya.