Harry Ferguson, fundi wa mikono mitatu ya trakta

Trakta ikipita mu shamba la Dilolo, iangalie nyuma. Mara nyingi utaona mikono mitatu ya chuma: miwili chini, mmoja juu. Hapo ndipo wanafunga plau ao mashine ya kukata majani. Aliyeifikiria ni Harry Ferguson, mtoto wa mkulima, aliyezaliwa Ireland mwaka 1884.

Alianza na ndege. Mwaka 1909 alirusha ile aliyoitengeneza mwenyewe, wa kwanza mu Ireland yote. Kisha akafungua garaji Belfast. Mwaka 1917, wakati wa vita, serikali ikamuomba aangalie matrakta ya wakulima. Akakuta hatari kubwa: plau ilikokotwa tu nyuma kama kigari. Ikigonga jiwe ao shina, trakta ilinyanyuka mbele na kumwangukia shofere.

Kwa mikono yake mitatu, plau ikikwama, mkono wa juu unasukuma trakta mbele, magurudumu ya mbele yanabaki chini. Ndiyo maana pini ikipotea, fundi asifunge mzigo juu ya ekseli na mnyororo. Ajali ya zamani inarudi palepale.

Mwaka 1938 alipatana na Henry Ford kwa kushikana mikono tu, bila karatasi. Mjukuu wa Ford akavunja mapatano. Kesi ikamletea Ferguson zaidi ya dola milioni 9 mwaka 1952.

Alikufa Oktoba 1960. Leo viwanda vingine vinatumia mikono ileile, na plau ya kiwanda kimoja inaingia kwa trakta ya kingine, paka saizi ya pini zipatane.