Amos Alonzo Stagg: mwanafunzi wa theolojia aliyeitwa uwanjani

Amos Alonzo Stagg alizaliwa tarehe 16 Agosti 1862 huko West Orange, katika jimbo la New Jersey, Marekani. Baba yake alikuwa fundi viatu, na nyumba yao ilikuwa ya watu maskini. Alipojitayarisha kuingia chuo cha Yale, ambako watoto wa matajiri walikuwa wengi, alijibana hata chakula. Alikuwa na lengo moja: kuwa mchungaji.

Pale Yale alijulikana kwanza kwa kurusha mpira wa besiboli. Timu za kulipwa zikamtaka. Kwa mtoto wa fundi viatu, pesa ile haikuwa jambo dogo, lakini alikataa. Hakupenda hali ya michezo ya malipo ya siku zile, pamoja na pombe iliyouzwa viwanjani.

Mwaka 1888, akiwa ameanza masomo ya theolojia, aliingia katika timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani. Msomaji asifikiri ni mpira huu ambao vijana wetu wanaukimbilia Jumapili baada ya ibada. Ule unabebwa mikononi, na mwenye kuubeba huangushwa chini kwa nguvu. Wakati ule hapakuwa na kofia ngumu, wala haikuruhusiwa kuutupa mpira mbele. Kundi lilisukumana na kundi kama mafahali. Tena ni mwaka huo sheria zilipoanza kuruhusu mtu akamatwe chini ya kiuno, hadi magotini. Msimu huo Yale ilicheza mara 13 na kushinda zote. Ilipata pointi 698, na wapinzani wote kwa jumla hawakupata hata moja. Mwaka uliofuata, Stagg alitajwa katika orodha ya kwanza ya wachezaji 11 bora wa vyuo vya Marekani.

Lakini mtu huyu asiyeogopa kuangushwa alishindwa kusema mbele ya watu. Alipojaribu kuhubiri, maneno yalimkwama. Sisi tuliopita shule ya theolojia tumeona jambo hilo: ndugu mwenye alama nzuri za Kigiriki anasimama siku ya mahubiri ya majaribio, naye anatetemeka tu. Kwa Stagg haikuwa aibu ya siku moja. Alijichunguza, akaona kwamba mimbara si mahali pake, na mwaka 1890 akaacha masomo. Katika makanisa yetu tungesema amerudi nyuma, na pengine tungemwondoa katika orodha ya wale tunaowaombea kama watumishi.

Alikwenda Springfield, Massachusetts, kwenye shule ya kuwatayarisha watumishi wa YMCA, yaani umoja wa vijana wa Kikristo. Wanafunzi walikuwa wachache, lakini aliunda timu, yeye mwenyewe akiwa mwalimu na mchezaji. Katikati ya safu alimweka James Naismith, Mkanada aliyekuwa amemaliza theolojia huko Montreal. Huyu naye wenzake walikuwa wamemwombea auache mchezo huo, wakiona haumfai mtu wa Mungu. Kwa sababu ya vimo vyao, watu waliwaita Wakristo wafupi wa Stagg.

Mwezi wa Desemba 1890 walikutana na Yale ndani ya Madison Square Garden, New York, wakicheza chini ya paa. Yale ilishinda, 16 kwa 10. Mimi ninaona hesabu hiyo ni kubwa kuliko zile 698. Miaka miwili nyuma hakuna timu iliyoweza kuifunga Yale pointi hata moja. Sasa shule ndogo ya watumishi wa vijana iliifunga 10. Mwaka uliofuata Naismith alibuni mpira wa kikapu. Katika mchezo wa kwanza mbele ya watu, Machi 1892, wanafunzi waliwashinda walimu 5 kwa 1, na hiyo moja ya walimu aliifunga Stagg.

Mwaka huo huo William Rainey Harper, aliyekuwa mwalimu wake huko Yale, alimwita kwenye chuo kipya cha Chicago na kumpa cheo cha mwalimu wa chuo kama wengine. Msimu wa kwanza wachezaji walikuwa wachache hata ikambidi acheze mwenyewe. Alikaa misimu 41. Hakunywa pombe, hakuvuta tumbako, wala hakutukana. Alipokasirika sana alimwita mchezaji punda. Si kwamba kazi yake haikuwa na lawama. Viwanja vilijaa, pesa ikaingia, na walimu wengine waliona mpira umeanza kukitawala chuo.

Alipofika miaka 70, Chicago ilimtaka apumzike. Alihamia California, kwenye chuo cha Pacific, akafundisha miaka 14 zaidi. Kule Chicago uwanja ulibaki na jina lake. Chini ya majukwaa yake, tarehe 2 Desemba 1942, wanasayansi waliwasha tanuri la kwanza la nyuklia, katika mradi ambao baadaye ulichukua uranium nyingi kutoka Shinkolobwe, Katanga yetu.

Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 81, alichaguliwa kocha bora wa mwaka nchini Marekani. Hata alipopita miaka 90 bado aliwafundisha vijana kupiga mpira kwa mguu. Alifariki Stockton, California, tarehe 17 Machi 1965, akiwa na miaka 102.