Selikoff: Daktari aliyefuatilia nyayo za asbestosi kwa miaka 40

WAGONJWA wa kifua kikuu wanaopewa tembe za isoniazidi katika zahanati za Kawangware 46 na Kibera huzimeza bila kumfahamu daktari aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuzijaribu kwa binadamu.

Huyo ni marehemu Dkt Irving Selikoff, aliyezaliwa New York, Marekani, mwaka wa 1915.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali ya Sea View, yeye na mwenzake Edward Robitzek waliwapa dawa hiyo wagonjwa waliokuwa wakisubiri kufa tu. Wengi walirejewa na hamu ya chakula, wakanenepa. Kazi hiyo ilitunukiwa tuzo ya Lasker mwaka wa 1955.

Angeishia hapo, jina lake lingetosha kuingia vitabuni. Lakini huko Paterson, New Jersey, alikokuwa na kliniki, walifika wafanyakazi 17 wa kiwanda cha bidhaa za asbestosi, madini yenye nyuzi zisizoshika moto ambayo wakati wa vita yalitumika kufunika mabomba na matangi ya mvuke ya meli.

Miaka iliposonga, wanaume hao walianza kukohoa, kuishiwa na pumzi na kufariki mmoja baada ya mwingine.

Kiwanda kilipokataa kumfungulia daktari kumbukumbu zake, Selikoff aligeukia chama cha wafanyakazi, ambacho kilikuwa kimehifadhi majina na tarehe za kujiunga za kila mwanachama. Bila daftari hizo, pengine ukweli ungezikwa pamoja na marehemu.

Matokeo yalichapishwa 1964. Kati ya mafundi 632 walioingia kazini kabla ya 1943, 45 walikuwa wameuawa na saratani ya mapafu au ya utando wake kufikia mwisho wa 1962. Katika watu wa kawaida wa idadi na umri huo, vifo hivyo havingezidi saba.

Jambo zito zaidi lilikuwa wakati. Nyuzi hizo zikishavutwa hukwama mapafuni, na katika miaka 20 ya kwanza aghalabu hakuna dalili ya saratani. Daktari anayepima vijana kiwandani angeweza kuapa kwamba wote ni wazima. Vifo huongezeka baadaye, na mesotelioma, saratani ya utando wa mapafu au wa tumbo, huweza kujitokeza baada ya miaka 30, 40 au zaidi.

Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba hata waliofanya kazi miezi michache tu hawakusalimika. Wake waliofua nguo zenye vumbi, pamoja na watoto wao, waliugua pia.

Selikoff na wenzake waliendelea kuwafuatilia mafundi 17,800 wa Marekani na Kanada kuanzia 1967. Hesabu za 1979 zilidhihirisha kuwa fundi wa asbestosi asiyevuta sigara alikabiliwa na hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu mara tano zaidi ya mtu asiyeshika asbestosi wala sigara. Aliyevuta sigara, zaidi ya mara 50.

Wenye viwanda hawakufurahi. Mawakili wao walichimbua hata historia ya masomo yake ya udaktari, aliyoyaanzia Uskochi. Takwimu zake hazikutikisika. Alifariki Mei 1992.

Nchini Kenya, kanuni za 2006 za usimamizi wa taka ziliweka asbestosi katika orodha ya taka hatari. Baadaye NEMA ilitoa mwongozo wa kuondoa paa hizo: zilowanishwe maji, zisivunjwevunjwe, zifungwe na kuzikwa mahali palipoidhinishwa.

Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, vibarua wa mjengo walizikata kwa msumeno bila chochote puani. Aliyefanya hivyo mwaka wa 1995 akiwa na umri wa miaka 20 alitimiza 50 mnamo 2025, na kwa hesabu za Selikoff, hapo ndipo miaka ya hatari huwa imewadia.